Mhojiwa wa Kumi na Moja

Mhadhiri aliuawa kwa mguu wa kiti chake mwenyewe. Kiti kilikuwa kimelala ubavu chini ya dirisha, kimebaki na miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa umebingirika hadi chini ya meza, umelowa damu mpaka katikati, na kwenye msumari uliochomoza zilinasa nywele tatu za mvi. Mwenye kiti alikuwa kifudifudi sakafuni. Alikuwa amejaribu kutambaa kuelekea mlangoni. Alama za viganja vyake zilionyesha alifika hatua mbili, akavutwa nyuma kwa kifundo cha mguu, akamaliziwa hapohapo.

Inspekta alichuchumaa kando ya mchirizi ule bila kuugusa. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mchache wa maneno. Kituoni walimwita Afande akiwepo, na Mama Pacha akiisha kugeuka, kwa ajili ya wanawe wawili.

"Nani kamgusa?" aliuliza.

"Profesa wa chumba cha pili, afande," alijibu koplo wake. "Ndiye aliyemkuta, saa moja na nusu. Anasema alimgeuza uso kidogo aone kama anapumua, basi."

Koplo huyo aliitwa Mnara, kwa kuwa hakuna askari mfupi kumshinda kituo kizima. Alikuwa amesimama kwa ncha za viatu ili asikanyage damu, na macho yake hayakutoka kwenye mkono wa kushoto wa marehemu. Kidole cha mwisho kilikuwa kimevunjwa kwa kukunjwa kinyume. Cha pete pia. Cha kati pia. Cha shahada na gumba vilikuwa vizima.

"Kamtesa," alisema Mnara.

"Kamuuliza," alisema Inspekta. "Mwenye hasira hupiga popote. Huyu kaanza kidole cha mwisho, akaenda kwa zamu. Kila kidole swali."

"Mbona kaishia cha kati?"

"Hapo alijibiwa."

Skafu ya marehemu ilikuwa chini ya kidevu, imelowa mate na ina alama za meno: ilishindiliwa mdomoni, ikatolewa alipokubali kusema. Hakuna aliyesikia kitu. Ghorofa ya chini mafundi walikuwa wakitoboa ukuta kwa mashine tangu saa kumi na mbili, na hata sasa sakafu ilikuwa ikitetemeka, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwaambia waache.

Simu ya marehemu ilikuwa mezani. Kompyuta ilikuwepo. Kabati la chuma lilikuwa na ufunguo wake kwenye tundu. Inspekta alivaa glavu, akalifungua. Faili la kwanza lilikuwa na maandishi makubwa juu: *Nani Anapigana Vita Visivyoonekana? Wanawake, Wenye Ulemavu na Jamii Ndogo katika Kikosi cha Mtandao.* Ndani mlikuwa na fomu kumi na tisa za askari waliokubali kuhojiwa. Kila fomu ilikuwa na jina, cheo, simu na sahihi.

"Nambari hazimo," alisema Inspekta baada ya kupekua zote. "Rasimu iliyo ukutani pale inawaita mhojiwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fomu zina majina matupu. Nani ni wa ngapi, hakuandika popote."

"Aliweka kichwani."

"Na muuaji hakuligusa kabati, na ufunguo unaning'inia mbele ya macho yake. Kwa nini, Mnara?"

Mnara alikuna shingo. "Kwa sababu majina anayo tayari."

"Alitaka kujua nambari moja ni ya nani. Sasa anajua. Sisi hatujui."

Mlinzi wa lango la chuo aliletwa juu. Alikuwa mzee mkakamavu, na daftari la wageni alilibana kwapani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Mgeni hajaingia, mama yangu. Ukurasa huu hapa, mweupe pe."

"Nani amepita bila kuandikwa?"

"Walimu. Wanafunzi. Na wale maafisa wa jeshi wa kozi ya Jumanne. Hao hatuwaandiki, wana sare."

"Leo wangapi?"

Mzee alifumba macho akahesabu. "Mmoja. Aliwahi mno, nikamwambia mwalimu wenu hajafika. Akasema atamsubiri. Sikumtazama usoni, mama. Mtu mwenye sare unamtazama mabegani."

"Mabegani kulikuwa na nini?"

"Cheo kikubwa kuliko changu," alisema mzee.

Profesa alikuwa amejifungia chumbani kwake. Mnara aligonga mara moja, mara ya pili akagonga kwa bega. Walimkuta nyuma ya meza, mtu wa miaka sitini aliyevaa tai, amekumbatia mkoba wa ngozi kifuani. Mkono wa shati lake ulikuwa umefuliwa palepale kwenye beseni la kunawia, na maji yalikuwa bado yakidondoka. Kwenye shavu alikuwa na mikwaruzo miwili mibichi.

"Mkoba huo una mtoto ndani?" aliuliza Mnara.

"Nina haki ya wakili."

"Unayo," alisema Inspekta, akavuta kiti akaketi. "Jana jioni mligombana na marehemu, korido nzima ilisikia. Leo umemkuta kafa. Una damu umeifua, na una makucha usoni. Nikimwita wakili, nitamwita na pingu. Ama nieleze kwanza."

"Mikwaruzo ni ya paka wa mke wangu."

"Paka tutamhoji baadaye. Mkoba."

Profesa hakuuachia. Mnara aliinyakua ile mishikio, Profesa akang'ang'ania, wakavutana juu ya meza mpaka glasi ikaanguka ikapasuka. Inspekta alipiga meza kwa kiganja. Profesa aliachia, akajiinamia. Mkobani mlikuwa na rundo la karatasi zilizochapwa, na ukurasa wa juu ulikuwa na alama ya kidole gumba ya damu.

"Ni mahojiano yake," alisema Profesa kwa sauti ya chini. "Yalikuwa mezani kwake."

"Uliyachukua kabla ya kupiga simu polisi au baadaye?"

"Kabla."

"Ulimruka maiti."

"Nilimruka." Alifuta uso kwa tai yake. "Mimi nimefundisha vita vya mtandao miaka ishirini. Nilimwambia mashine haina jinsia wala kabila, utafiti wake ni wa kuhesabu sketi. Ndio ugomvi wetu. Lakini juzi alipowasilisha kwenye semina, chumba kizima kilinyamaza. Nilijua kazi hiyo itasomwa miaka hamsini. Nilipomwona amekufa, nikaziona karatasi... Shetani alinipitia, Inspekta. Wivu. Kuua sikuua."

Inspekta alimtazama kitambo. Mikono ya Profesa ilikuwa laini, ya kushika chaki, na vifundo vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi. Mikono ile isingeweza kuvunja hata penseli, sembuse vidole vya mtu.

"Semina hiyo alisema nini?"

Profesa alieleza. Miezi saba iliyopita, doria ya askari kumi na wanne ilipigwa makombora mpakani. Adui alikuwa ameingia kwenye mtandao wa mawasiliano wa jeshi akawaona walipo, mmoja mmoja. Kumi na wawili walikufa. Wiki haikuisha, jeshi likamkamata mkalimani wa kikosi, binti wa miaka ishirini na tatu kutoka jamii ndogo ya mpakani ambaye bibi yake mzaa mama yuko upande wa pili. Alikuwa gereza la kijeshi akisubiri hukumu siku ya Ijumaa, na wengi walisema hatatoka humo akiwa hai.

"Marehemu alikuwa anauliza swali moja," alisema Profesa. "Siri ikivuja, kwa nini tunaanza kumshika yule anayezungumza tofauti na sisi? Kisha akasoma maneno ya mhojiwa wa kumi na moja: 'Mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa ufunguo wa ndani, na ufunguo ule ulikuwa wa mkubwa.'"

"Nani alikuwepo?"

"Walimu. Wanafunzi. Na Meja, afisa usalama wa hicho Kikosi cha Mtandao. Alikaa safu ya mbele. Akauliza, huyo wa kumi na moja ni nani? Watu wakacheka. Marehemu akamjibu, 'Ni nambari tu, Meja.'"

"Orodha ya askari wa kuhojiwa ilitoka kwa nani?"

"Kwake. Meja ndiye aliyesaini kibali na kumletea majina kumi na tisa."

Inspekta na Mnara walitazamana. Inspekta alitoka koridoni akapiga simu kambini. Aliambiwa Meja alitoka alfajiri, hajarudi, na simu yake imezimwa. Akaagiza gari la Meja litafutwe na njia za kutoka mjini zifungwe. Kisha akayaendea mahojiano ya kumi na moja, akiyasoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

*Njoo ukae huku kushoto kwanza. Kulia sisikii kitu tangu siku ile. Sawa. Niliporudi kazini baada ya wiki sita nilifungua kumbukumbu za mashine. Kila afisa akiingia anaacha alama yake. Niliiona ya asubuhi ile. Nikainakili, maana nilijua wataifuta. Wakaifuta.*

"Huyu jamaa alikuwa kwenye doria," alisema Mnara. "Mmoja wa wale wawili waliopona."

"Fomu zina sehemu ya mahitaji maalumu. Tafuta sikio."

Mnara alizipitia zote kumi na tisa. Mmoja aliandika mguu wa bandia. Mwingine aliandika kisukari. Fomu moja tu ilikuwa na maneno *sikio moja limekufa*. Mwenyewe alikuwa koplo, mwanamume, na kwenye mabano alikuwa ameandika jina la utani: Redio. Simu yake iliita mpaka ikakatika.

"Twende," alisema Inspekta.

Walimpata Redio saa nne na nusu kwenye gereji ya kaka yake, siku yake ya mapumziko. Alikuwa pande la mtu, kipara, amepiga magoti mbele ya injini ya pikipiki inayonguruma. Mnara alimwita mara mbili kutoka nyuma. Hakugeuka. Mnara akamgusa bega la kushoto.

Spana ilikuja na mkono mzima. Ilimpata Mnara juu ya jicho, akaenda chini pamoja na ndoo ya mafuta machafu. Redio alikuwa tayari juu yake, goti kifuani, spana imeinuliwa, macho yametoka pima. Inspekta alimsukumia mdomo wa bastola kwenye shingo.

"Polisi! Iache!"

Redio aliganda. Spana ikaanguka. Alipoona sare ya Mnara na damu inayomiminika kwenye jicho lake, alirudi nyuma kwa makalio mpaka ukutani.

"Samahani, ndugu yangu. Samahani sana. Mtu akinigusa upande huu simsikii anakuja. Tangu mpakani niko hivi."

"Usinipe pole," alisema Mnara akitema mafuta. "Nipe kitambaa."

Inspekta hakurudisha bastola. Alikuwa anatazama bega alilogusa Mnara.

"Sikio lako bovu ni lipi?"

"Hili. La kushoto."

"Una hakika?"

"Mama, sikio langu mwenyewe?"

Karatasi ilisema kulia. "Mhadhiri alikuhoji ukiwa wa ngapi?"

"Wa nne. Lakini mnaniuliza hayo kwa nini? Yuko wapi Mhadhiri?"

"Amekufa leo asubuhi. Namtafuta wa kumi na moja, bwana mmoja asiyesikia upande wa kulia."

Redio alifunika uso kwa mikono iliyojaa grisi. Alipoitoa, alikuwa na mistari miwili myeusi mashavuni. "Bwana? Bwana gani? Siku ile tulipona wawili, mimi na Fundi. Kombora liliangukia katikati yetu. Mimi likanila sikio la kushoto, yeye la kulia. Fundi ni mwanamke. Sajini. Hata hospitali hakusema, aliogopa wasimwambie kiziwi hafai, rudi nyumbani ukapike."

Kurasa nzima walikuwa wamesoma "mimi" na "nilifungua," wakajijazia mwanamume wao wenyewe.

"Leo yuko kazini?"

"Hana zamu. Yuko kwake na mama mkwe wake, maghorofa yale nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ghorofa ya nne, mlango wa bluu." Redio alinyanyuka. "Ratiba ya zamu anaipanga Meja."

Mnara aliendesha gari kwa jicho moja, kitambaa kimefungwa kichwani kama kilemba kibaya. Inspekta aliita nguvu za ziada kwa redio ya gari. Gari la karibu zaidi lilikuwa mbali kwa dakika kumi na tano. Alimpigia Fundi mara sita. Simu iliita tu.

"Labda kalala," alisema Mnara.

"Endesha."

Mlango wa bluu ulikuwa wazi, bawaba ya juu imeng'oka. Sufuria lilikuwa limepinduka katikati ya sebule na zulia lilikuwa linafuka mvuke. Mama mkwe wa Fundi alikuwa sakafuni jikoni, mgongo kwenye jokofu, mkono wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Damu ilimtoka puani ikashuka mpaka kwenye khanga. Alikuwa macho.

"Nimemmwagia maji ya moto," alisema alipoona sare. "Uso wote. Na mkono huu kanivunja, lakini kwanza alipiga kelele kama mbuzi."

"Mkweo yuko wapi, mama?"

"Tangu asubuhi kakaa garini pale chini, kumbe anangoja majirani watoke. Nilimwambia kaenda dukani. Aliamini, alikuwa anatoka. Kisha akasikia kandambili zake juu ya dari. Yuko juu anaanika nguo, mwanangu. Na mtoto yule hasikii vizuri, anadhani mimi sijui. Nendeni!"

Ngazi ya kwenda juu ilikuwa nyembamba, ya chuma. Inspekta alipanda mbele. Jua la mchana lilimpiga usoni. Paa lote lilikuwa kamba na mashuka meupe, yanapepea, yanafunga na kufungua njia. Shuka la tatu lilikuwa na mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini.

"Nakala iko wapi?" ilisema sauti ya mwanamume. "Niambie tu iko wapi, nikuache."

Inspekta alisogeza shuka kwa mtutu. Fundi alikuwa amepiga magoti, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, gauni la nyumbani limelowa damu kutoka begani hadi kiunoni. Meja alimshika nywele kutoka nyuma. Nusu ya uso wake Meja ilikuwa imevimba na kuchunika, nyekundu, jicho moja limefumba. Mkono wa pili ulikuwa na kisu cha jeshi, na ncha yake ilikuwa ndani ya sikio la Fundi, lile zima.

"Hili ndilo lililobaki, sivyo?" alisema.

"Polisi! Tupa kisu!"

Meja alimwinua Fundi kwa nywele akamfanya ngao. Kisu kilihamia kooni. "Hili ni jambo la jeshi, Inspekta. Shuka ngazi."

"Kuua mwalimu si jambo la jeshi."

"Hukuwepo wewe! Hujui!" Mate yalimtoka. "Unadhani niliuza watu wangu? Nilikuwa nimechoka! Siku tatu sijalala, nikafungua mtandao nikiwa nyumbani, kwenye kompyuta ya wanangu, ile yenye michezo yao. Dakika kumi tu. Dakika kumi!"

"Na binti aliye gerezani?"

"Yule asingekosa kosa lake. Wale wote wana kosa."

Inspekta aliendelea kumtazama jicho lake zima, ili lisihame. Nyuma ya Meja, chini ya mashuka, pale ambapo mtu wa kimo cha kawaida angeonekana kichwa, Mnara alikuwa anakuja mbio akiwa wima.

Alimvaa Meja kiunoni. Watatu walianguka. Kisu kilipanda na kushuka, Mnara akakikinga kwa kiganja, kikapita upande wa pili na kukwama. Mnara alipiga ukelele lakini alifumba ngumi, kisu kikiwa humo humo, asikiachie. Fundi alijipindua akamng'ata Meja mkononi mpaka meno yakagongana na mfupa. Meja alimpiga teke la tumbo akamrusha kwenye ukuta wa tangi la maji, akanyanyuka, akachomoa bastola yake kiunoni.

Inspekta alipiga risasi mbili. Ya kwanza ilitoboa tangi. Ya pili ilimvunja Meja paja. Alianguka kwa goti, bastola ikateleza mbali kwenye saruji. Akaitazama, akamtazama Inspekta, kisha akageukia ukingo wa paa, akaanza kujiburuta. Alikuwa na nguvu za ajabu. Kifua chake kilikuwa tayari kimepita ukingo Inspekta alipomrukia akamshika mkanda.

"Niache!"

Alikuwa mzito. Viatu vya Inspekta vilikuwa vinateleza kwenye maji ya tangi, na chini, ghorofa nne, watu walikuwa wanapiga mayowe. Alivuta pingu kwa mkono wa kulia, akafunga upande mmoja kwenye kifundo cha mkono wa Meja, wa pili kwenye kifundo chake mwenyewe.

"Ukienda, tunakwenda wote," alisema huku anahema. "Mimi nina watoto wawili, nawe unao. Amua."

Meja alining'inia hivyo kwa muda. Kisha mwili wake ukalegea, na Inspekta akamvuta ndani kidogo kidogo, kama mtu anayetoa gunia kisimani. Akaikata kamba ya nguo kwa meno na mkono mmoja, akaifunga juu ya paja lake kuzuia damu.

Mnara alikuwa amekaa ameegemea tangi, kisu bado kiganjani, rangi imemtoka. "Jicho na mkono," alisema. "Siku haijafika hata saa saba."

Fundi alitambaa akaja kukaa karibu na Inspekta. Inspekta alimfunga bega kwa foronya.

"Alijuaje ni mimi?" aliuliza Fundi. Alizungumza kwa sauti kubwa, ya mtu asiyeyasikia vizuri maneno yake mwenyewe.

Inspekta angeweza kumficha. Hakumficha. "Mhadhiri alimwambia. Alimvunja vidole kwanza."

"Vingapi?"

"Vitatu."

Fundi aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye saruji iliyolowa. "Mimi ningesema kwa kimoja," alisema. Akajifuta. "Nakala iko jikoni, nyuma ya kalenda. Niliiandika kwa kalamu. Karatasi haiingiliki kwa mtandao."

Mnara alishuka, akakaa dakika tano, akarudi na karatasi ndani ya mfuko wa vielelezo. Tarehe, saa, alama ya afisa, mashine iliyotumika. Inspekta aliipiga picha kwa simu akiwa amefungwa na Meja vilevile, akaituma kwa mwendesha mashtaka, akampigia kuhakikisha imefika na kumwambia neno moja: Ijumaa. Akiwa bado kwenye simu, magari mawili ya jeshi yaliingia uani.

Waliopanda walikuwa sita, na mbele yao Kanali mwenye miwani na sauti ya upole. Aliwaangalia wote pale chini, damu, mashuka, tangi linalovuja.

"Kazi nzuri, Inspekta. Sasa huyu ni afisa wetu, na huyu sajini ni askari wetu. Tunawachukua wote wawili. Na hiyo karatasi ni siri ya jeshi."

"Karatasi mwendesha mashtaka anayo," alisema Inspekta. "Sajini ni shahidi wangu, anakwenda hospitali ya raia na mama mkwe wake. Na huyu ni mshtakiwa wa mauaji ya raia."

"Mama, usinifanye nitumie nguvu."

Inspekta alitazama ukingoni. Uani kulikuwa kumejaa watu. Kwenye vibaraza vya jengo la mbele walisimama akina mama, wafanyakazi wa kiwanda, wanafunzi, na kila wa pili alikuwa ameinua simu. King'ora cha polisi kilikuwa kinakata kona ya kiwanda.

Kanali aliwaashiria watu wake wawili. "Mfungueni pingu. Ufunguo anao mfukoni."

Inspekta aliingiza mkono mfukoni kabla yao. Aliutoa ufunguo, akaushika juu kwa vidole viwili ili Kanali auone vizuri, kisha akautupa ng'ambo ya ukingo. Ulimeta mara moja juani na kupotea katikati ya umati.

Hakuna aliyesogea. Meja alianza kutetemeka kwa baridi ya damu iliyopotea, na Inspekta akamvutia shuka akamfunika kifua.

"Anapoteza damu, Kanali," alisema. "Kama mnamtaka mzima, leteni machela ya watu wawili."

Kanali alivua miwani, akaifuta polepole, akaivaa tena. Akawageukia watu wake.

"Leteni machela," alisema.